Mgeni wa Usiku Mmoja

Msafiri aliyekodi chumba cha hoteli hulipa ijara yake, hupewa ufunguo, na tangu hapo haulizwi neno. Lakini msafiri aliyebeba nyumba yake juu ya magurudumu, na ndani yake mna mke na wana na mama mzazi, huamka kila siku na swali moja lisilompa raha mpaka jua lichwe: leo tutalala wapi, na kwa idhini ya nani? Jamaa walionitahadharisha kabla hatujaondoka Uingereza kwa feri ya Dover walitaja mengi. Walitaja njia ambazo ng'ambo ya pili huendeshwa mkono wa kulia, wakataja bei ya mafuta na ushuru wa barabara kuu za Ufaransa, wakataja na lugha za watu. Hili la malazi hapana aliyelitia maanani, ilhali ndilo lililotufunza kuliko yote katika kiangazi kile tulichozunguka Ulaya kwa gari-nyumba, na ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Asiyepata kuliona gari la namna hii na afikirie gari la mizigo la kadiri, ambalo nyuma ya kiti cha dereva pamejengwa chumba chenye vitanda, meza, jiko la gesi, na choo ambacho mtu mnene hukiingia kwa ubavu. Lina tangi la maji safi la lita 100 hivi, na tangi jingine la kupokea maji yaliyokwisha kuogewa na kuoshewa vyombo. Na uchafu wa choo huteremkia katika kasha lenye mpini, ambalo baba wa nyumba hulivuta asubuhi mbele ya macho ya watu kwenda kulimwaga mahali palipotengwa, na katika kazi hiyo hapana cheo wala shahada iwezayo kumsitiri. Aghlabu ya magari haya hayaruhusiwi kupita uzito wa kilo 3,500, kwa kuwa huo ndio mpaka wa leseni ya kawaida ya dereva. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, anayesafiri na tangi lililojaa amejitwika kilo 100, na anayesafiri na tangi tupu hana budi kulala penye bomba. Kitanda, basi, tulikuwa nacho kila tuendako; tulichokitafuta kila jioni ni ardhi iliyo sawa, maji, mahali pa kumwaga taka, na jirani asiyechukizwa na kuwapo kwetu.

Mama yangu, aliyetoka Unguja kuja kututembelea nasi tukamchukua, aliufahamu mzani huo wa maji kabla yetu sote. Alikuja na birika lake la kutilia udhu, na alipowaona wajukuu wake wakiuacha mfereji uchuruzike huku wakipiga mswaki, aliwaita, akatawadha mbele yao kwa birika moja, na maji akayabakisha. "Wajukuu zangu," akasema, "hapa hatuna kisima, tuna mtungi." Hakurudia tena, wala haikuhitajika kurudia, watoto wakawa wao ndio wanaomkemea baba yao anapooga.

Mashaka haya ya malazi hayakuanza na sisi. Mwaka 1885 lilijengwa Bristol gari liitwalo Wanderer, ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza kutengenezwa makusudi kwa mtu kutembea na nyumba yake kwa ajili ya raha tu. Aliyeliagiza ni Dk. William Gordon Stables, tabibu mstaafu wa manowari za Kiingereza, ambaye ujanani mwake alitumika katika mwambao wa mashariki ya Afrika, upande wa Msumbiji, katika chombo kilichowasaka wachukuzi wa watumwa. Gari lake lilikokotwa na farasi wawili, na mtumishi wake alilitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuitazama njia; na hivyo akasafiri kutoka kusini ya Uingereza mpaka Inverness, Uskoti, zaidi ya maili 1,000, kisha akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Gari lilikuwa na kabati za mbao za thamani na vitabu vya kusoma, lakini ikifika jioni bwana yule alikuwa mhitaji kama sisi: farasi wanataka zizi na majani, gari linataka kiwanja kikavu, na vyote hivyo viko mikononi mwa mwenye nyumba ya wageni au mkulima. Farasi wameondoka na injini imeingia; haja ya kubisha hodi imebaki pale pale.

Ulaya ya leo imeiitikia haja hiyo kwa taratibu mbalimbali, na ni aula msafiri azijue kabla hajaliwasha gari. Ufaransa, miji na vijiji vingi vimetenga viwanja viitwavyo aire, mara nyingi karibu na uwanja wa michezo au nyuma ya ofisi ya meya, penye nguzo itoayo maji kwa sarafu au kwa kadi, na tundu la kumwagia taka. Vingine ni bure na vingine hulipiwa euro chache, na baraza la mji huridhika kwa kuwa mgeni atanunua mkate na mboga kwa wenyeji. Wajerumani huviita Stellplatz, nao wamevieneza hasa kandokando ya mito. Waitaliani huviita area di sosta. Mji wa Brugge, Ubelgiji, una kiwanja chake mahali paitwapo Kanaaleiland, ambapo mtu huliacha gari lake, akatembea kwa miguu dakika chache, akajikuta katikati ya mji wa kale wenye mifereji. Kisha ziko kambi kamili, zenye mabafu na umeme na michezo ya watoto, ambazo bei yake hupanda Julai na Agosti. Wazee wasiofungwa na kalenda ya shule huzipata kwa nafuu katika miezi mingine, kwa kadi ya punguzo ya ACSI, shirika la Kiholanzi lililoanza mwaka 1965. Lakini wenye watoto wa skuli, kama sisi, hatuna hiari ya miezi.

Sasa nije kwenye saa. Kwetu ada ya msafiri ni kutua kabla ya magharibi, na ada hiyo inatosha, kwa sababu jua la Unguja halina hila, huchwa karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Katika pwani ya Bretagne, mwezi wa Juni, jua huchwa baada ya saa nne za usiku, na mtu aliyezoea kulihesabu giza hujiona ana mchana mrefu mbele yake, ilhali wenyeji wamekwisha kula na kufunga madirisha, na viwanja vimejaa tangu saa kumi na moja. Ilitulazimu kutenganisha mambo mawili ambayo kwetu ni mamoja, yaani magharibi ya kuswali na magharibi ya kutua. Tuliamua kwamba saa tisa ya mchana ikigonga, na jua liwe popote liwapo, mke wangu atafunua ramani na simu achague mahali patatu: pa kwanza tupatakapo, pa pili iwapo pa kwanza pamejaa, na pa tatu pa kulipia, pa ghali, ambapo hapakosekani nafasi. Hapo pa tatu hatukupaendea ila kwa nadra, lakini kule kujua kuwa papo kulituondolea ugomvi garini. Maana hapana jambo liwatialo mume na mke kisirani kama kiwanja kilichojaa, mtoto aliaye njaa nyuma, na mwamba wa chuma uliopitishwa langoni mwa maegesho kwa kimo cha mita 2 ilhali gari lako lina kimo cha mita 3.

Lililotufaa kuliko viwanja vyote ni utaratibu wa Wafaransa uitwao France Passion, ambao kwa huo wakulima, wenye mizabibu na watengenezaji wa jibini humpokea mwanachama mwenye gari-nyumba kwa muda wa saa 24 bila ya malipo, wala hawamlazimishi kununua kitu. Sharti lao ni kwamba gari lijitosheleze kwa choo na maji, na mgeni amwone mwenyeji na kumsalimu anapofika na anapoondoka. Wengi katika wenyeji hao huuza mvinyo, na sisi hatunywi. Kwa hiyo tulichagua wenye mbuzi, wenye nyuki na wenye kukamua mafuta, na nafasi hatukuikosa.

Nalikumbuka shamba moja la mbuzi katika jimbo la Dordogne, ambalo njia yake ilikuwa nyembamba hata matawi yakakwaruza ubavu wa gari. Mwenye shamba, bibi wa makamo, alitoka zizini na ndoo mkononi; hakutabasamu wala hakununa. Alilizunguka gari letu taratibu, akainama akatazama chini ya tumbo lake kama pana maji yanayodondoka, akaipigapiga ardhi kwa kisigino cha buti lake kupima ulaini wake, na ndipo aliponyosha mkono kutuonyesha kivuli cha mti wa jozi. Mke wangu alikwisha kuushika mlango wa nyuma ili atoe viti vya kukunja, mama akamzuia: "Ngoja kwanza, mwanangu, mwenye nyumba hajasema karibu." Tukakaa ndani, mlango wazi. Yule bibi akarudi zizini, akamaliza kukama, kisha akaja na kisahani cha jibini mbichi, vipande vya mviringo vinavyoenea katika kiganja, akampa mama yangu, kwa kuwa alimwona ndiye mkubwa wetu. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akamwambia kwa Kiswahili kitupu, "Ahsante sana, Mungu akuzidishie," naye akajibu maneno marefu kwa Kifaransa, na wote wawili wakaridhika. Hapo ndipo viti vilipotoka. Asubuhi tulinunua jibini na chupa ya mafuta ya jozi, na mama akawaamrisha wajukuu waokote kila kijikaratasi kilichokuwa chini ya mti, hata vile visivyokuwa vyetu.

Nilipozisoma baadaye sheria za nchi tulizopita, niliona kuwa yule bibi alikuwa akiipima kwa kisigino chake kanuni ambayo wanasheria wameiandika kwa wino. Sheria ya barabara ya Italia ya mwaka 1992, katika kifungu cha 185, husema kwa maana yake kuwa gari-nyumba lililoegeshwa halihesabiwi kuwa limepiga kambi maadamu linagusa ardhi kwa magurudumu yake tu, halimwagi kitu nje isipokuwa moshi wa injini, wala halichukui nafasi iliyozidi kiwiliwili chake. Toa kiti kimoja nje, au teremsha miguu ya chuma, au tandaza turubai, na papo hapo hukumu yako imegeuka. Ujerumani humruhusu dereva aliyechoka alale garini mwake usiku mmoja kando ya njia ili arejeshe nguvu za kuendesha, mradi asipafanye pale kuwa uani kwake. Ureno, mwanzoni mwa 2021, ilikataza kabisa kulala nje ya mahali palipotengwa, kisha katika mwaka huo huo ikalegeza kamba, ikaruhusu saa 48 katika wilaya moja, ila si katika ufuko wala katika hifadhi za maumbile. Kroatia haina mzaha, humtoza faini anayelala nje ya kambi. Hata Norway, ambayo sheria yake ya mwaka 1957 humpa kila mtu haki ya kupita nyikani na kusimamisha hema lake mbali na nyumba za watu, haikumpa mwenye gari ruhusa ya kuliingiza gari lake humo.

Ukizikusanya sheria hizi utaona zina moyo mmoja. Kupumzika ni haja ya kila adinasi, na haja haikatazwi. Kujitanua ni jambo jingine, nalo lahitaji ruhusa ya mwenye mahali na lina mwisho wake. Wahenga wetu waliyajua hayo bila ya kuwa na bunge, ndiyo maana wakasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kinachomtia mwenyeji tashwishi ni vile atakavyoviacha mgeni na kule asikojua ataondoka lini. Akiondolewa mashaka hayo mawili, aghlabu moyo wake hufunguka wenyewe.

Nao wageni kwa wageni wana adabu zao. Kando ya mto Mosel, karibu na mji wa Cochem, tulilala katika kiwanja cha majani kisicho lango wala mlinzi, mizabibu ikipanda mlima nyuma yetu na majahazi ya kizungu ya shehena yakipita mbele yetu usiku, taa zao zikitangulia ngurumo ya injini. Jioni hupita mtu na mkoba wa ngozi, gari baada ya gari, akipokea euro na kukata risiti, na mama yangu alipomwona alicheka akasema kuwa hongo haijakwisha duniani, akikusudia ile iliyolipwa na misafara ya Bagamoyo ilipopita katika nchi za watemi. Kiwanja kiliinama kuelekea mtoni, na tulipokuwa tukihangaika kulisawazisha gari, jirani yetu, mzee wa Kiholanzi aliyesafiri na mkewe, alikuja bila ya kuitwa na kabari mbili za plastiki za manjano, akazisukuma mbele ya magurudumu, akanipungia mkono nisogee kidogo kidogo, kisha akaingia, akaweka bakuli la maji juu ya meza yetu, akalitazama kwa jicho moja mpaka maji yalipolala sawa. Akamwambia mwanangu wa kiume kuwa nyumba iliyoinama humwaga supu kwanza, na usingizi baadaye.

Watu wale hukutana jioni na kuachana asubuhi, majina hawajuani, na bado kila mmoja humwachia mwenzake nafasi ya kufungua mlango wake, hapana awashaye jenereta baada ya chakula, na ikifika saa nne za usiku sauti hushuka zenyewe. Watoto wetu, ambao nyumbani huambiwa mara saba wapunguze kelele, pale walinong'ona bila ya kuambiwa, kwa sababu waliona kila mtu ananong'ona. Nimetambua hapo kuwa mtoto huiga adabu ya mahali kwa haraka kuliko anavyotii amri ya mzee.

Lipo jambo jingine ambalo mwenye ahali halikwepi, nalo ni hofu ya usiku. Katika viwanja vingi tulisimuliwa habari ya wezi wanaopuliza dawa ya usingizi dirishani, wakawalaza watu fofofo na kuwaibia mpaka pete za vidoleni. Mke wangu akalala macho wazi siku mbili tatu. Nilitafuta ithibati, nikakuta kuwa Chuo cha Kifalme cha madaktari wa dawa za usingizi cha Uingereza kimeikanusha habari hiyo waziwazi: dawa hizo harufu yake ni kali kiasi cha kumwamsha aliyelala, na kiasi kinachohitajiwa kukijaza chumba kizima ni kikubwa mno. Wezi wapo, lakini silaha yao ni bisibisi, na shamba lao ni maegesho ya barabara kuu, ambako msafiri aliyechoka hulala bila ya jirani amjuaye na mashine za malori ya barafu hunguruma usiku kucha. Kwa hiyo tulijiwekea sharti la kutolala hapo, hata ikitubidi kuongeza mwendo wa nusu saa mpaka kijiji cha karibu. Maana kijijini pana jicho la mwenyeji, na jicho hilo, ambalo mchana hukuona unakera, usiku ndilo linalokulinda.

Mimi nimeishi Ulaya miaka mingi, nikapanga nyumba, nikalipa kodi, na kila nilipolipa nilihesabu kuwa nimemaliza deni langu kwa mahali ninapokaa. Safari ile ilinionyesha kuwa lipo deni ambalo pesa hailifikii, nalo ni la kujulikana uso, kutoa salamu, na kuondoka bila ya kumwachia mtu kazi ya kukusafishia. Tuliporudi Uingereza nilianza kuwasalimu majirani ambao nilikuwa nikipishana nao mlangoni kwa kuinamisha kichwa tu. Na mmoja wao, katika baridi ya mwaka ule, ndiye aliyepokea mzigo wetu na kuuweka kwake tulipokuwa hatupo.

Basi wewe msomaji, ukijaaliwa kuitia ahali yako katika gari la namna hii, huko Ulaya au kwingineko, nasaha yangu ni hii. Tua mapema, jua lingali juu. Msalimu mwenye mahali kabla hujatoa kiti. Usichukue ardhi iliyozidi magurudumu yako mpaka uambiwe karibu, na maji yako machafu yamwage penye tundu lake tu, japo liko mbali. Kisha usikawie kuondoka. Kwa sababu gari litakalofika pale kesho, lenye watoto wa mtu mwingine, litapokewa kwa kadiri ya vile ulivyopaacha wewe.